Brashi Iliyochakaa Upande Mmoja

Mlango wa nyumba ya mzee Bawabu ulikuwa na makufuli matatu, na yote matatu yaliwekwa na polisi. Mawili yalifunguka upesi. La tatu lilingoja mpaka askari wa zamu ajipapase mifuko yote minne, kisha ainame avue kiatu.

"Kwenye soksi?" Chungio aliuliza.

"Usalama, afande."

"Akija mtu na bunduki utamwambia asubiri uvue kiatu?"

Askari aliona heri afungue kuliko kujibu. Chungio aliingia, na nyuma yake vyuma vikarudishwa kimoja kimoja, kama ilivyoagizwa kituoni. Alikuwa mkaguzi wa upelelezi, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na minne, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hana haraka na makapi hayampiti. Ngazi za ghorofa nne zilikuwa zimeyachokoza magoti yake, kwa hiyo hakuwa mtu wa kutaniwa.

Alichokijua kilikuwa hiki. Miezi kumi na minne iliyopita kiwanda cha magodoro kiliungua, na washonaji wawili walifia nyuma ya mlango wa uani, uliokuwa umekomewa kwa nje. Nyapara wa zamu, aliyezoea kupiga kelele kwamba mlango ule ukifungwa wizi utakwisha, alikuwa mahabusu tangu wiki hiyo. Mzee Bawabu, mlinzi wa geti, kibanda chake kilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni. Alimwambia askari wa kwanza kufika, kwa mnong'ono uliomlazimu askari amtegee sikio mdomoni, "Aliyefunga nimemwona." Kikohozi kikamshika, akapelekwa hospitali, na tangu siku ile hajaongeza neno; polisi wakimuuliza, huashiria kwamba atasema mbele ya hakimu tu.

Kusema kwenyewe kwake ni kazi. Miaka mitano nyuma saratani ilimfanya atolewe zoloto, lile sanduku la sauti, akaachiwa tundu shingoni la kupumulia. Ndani ya tundu hilo, kwenye ukuta unaotenga njia ya hewa na njia ya chakula, alipachikwa kidude cha plastiki laini kisichozidi kifungo cha koti. Akiziba tundu kwa kidole gumba, pumzi hupita kwenye kidude ikapanda kooni, na sauti hutoka. Ni sauti ya mikwaruzo, lakini ni sauti, na geti aliliendesha nayo miaka minne.

Kidude kina kijimlango cha kuruhusu pumzi ipite na kuzuia maji yasishuke mapafuni. Adui yake ni fangasi na vijidudu vya kinywani, ambavyo hukijengea utando mpaka kijimlango kishindwe kufunga. Hapo chai hupotea njia na mgonjwa hupaliwa. Muuguzi hukiziba kwa kizibo ili mtu aweze kunywa, lakini kilichozibwa hakisemi. Kikitunzwa vizuri hukaa hata nusu mwaka. Cha mzee kilikufa siku nne kabla ya kesi kusikilizwa mara ya kwanza. Kingine kilikufa siku tatu kabla ya mara ya pili, na hiki cha sasa kilizibwa juzi. Kesi ilikuwa kesho, saa tatu asubuhi.

Hakimu alishasema hataahirisha tena. Shahidi asiposema, ataamua kwa yaliyomo kwenye jalada, na yaliyomo yalitosha kumweka Nyapara ndani mpaka azeeke. Mzee hakujua kuandika. Alijua kusoma namba za magari, basi. Na mara ya pili alipoambiwa atikise kichwa tu, mwendesha mashtaka alisimama akasema kichwa kinachotikisika hakina tafsiri, na mahakama nzima ikacheka.

Mkuu wa kituo alikuwa na jibu lake tayari: kikulacho ki nguoni mwako. Mwenye kiwanda amemnunua mkwe anayemtunza mzee, ili Nyapara afungwe na yeye asiguswe, na mkwe anamlisha mzee kitu. "Nenda kamlete," alimwambia Chungio, "na uje na hicho kitu kwenye mfuko."

Mkwe ndiye aliyempokea. Alikuwa mke wa mtoto pekee wa mzee, aliyekuwa akifanya kazi mbali na kurudi mara mbili kwa mwaka. Zamani naye alikuwa kiwandani, akizoa mabaki ya sponji. Alisalimia kwa heshima, akavuta kiti, akaweka glasi ya maji mezani kwa mikono miwili. Viganja vyake vilikuwa laini na vya kung'aa, kama ngozi ya mtu mwingine.

"Mikono imepatwa na nini, mama?"

"Sufuria. Zamani."

Mzee alikaa dirishani, uso karibu na nondo, kitambaa cheupe shingoni. Chungio alimwamkia. Mzee alinyanyua mkono badala ya kusema marahaba, akarudi kutazama ukuta wa jengo la pili. Hapakuwa na kingine cha kutazama.

"Dawa ya fangasi anapima nani?" Chungio alianza.

"Mimi."

"Nionyeshe."

Mkwe alileta sinia. Lilikuwa na chupa ya dawa ya njano, kijiko, maziwa mgando kwenye bakuli, themosi ya maji yaliyochemshwa na karatasi ya maagizo iliyobandikwa plastiki isilowe. Kila asubuhi na jioni, alieleza, anampimia mzee dawa. Mzee anaipokea mdomoni, anakwenda nayo bafuni, anaizungusha kinywani dakika kadhaa, kisha anaimeza ili ipite kooni penye kidude. Akiwa hukohuko anakisafisha kidude kwa brashi mbele ya kioo. Usiku anavua meno ya bandia na kuyaloweka.

"Unamwona akisafisha?"

"Hapana. Baba anafunga mlango. Nasikia bomba linamwaga maji."

"Muda gani?"

"Mrefu. Mpaka jirani wa chini alishagonga kulalamika."

Chungio aliinua chupa. Sisimizi wawili walikuwa wakizunguka kizibo chake, na wa tatu alikuwa njiani. Akatazama bakuli la maziwa, akamtazama mkwe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akahisi mkuu wa kituo huenda akawa na akili. Wazo hilo halikumfurahisha.

Makufuli yalilia tena. Safari hii aliingia Sista, muuguzi wa kliniki ya koo, na sanduku lake la chuma. Alikuwa na kidude kipya humo, kimefungwa bado.

"Sista, kabla hujafanya lolote. Dawa hii imetiwa sukari ya kuwalisha fangasi?"

Muuguzi alidondosha tone mkononi, akalionja. "Tamu. Ndivyo ilivyo siku zote, afande. Wanapewa hata watoto wachanga wenye utando mdomoni. Isingekuwa tamu wangeitema."

"Na maziwa haya?"

"Wapo wanaosema yanasaidia kuzuia fangasi. Mimi siwezi kuapa, ila hayadhuru. Kama unatafuta sumu kwenye sinia hili utakesha." Alikunja mikono. "Nimebadilisha vidude hivi miaka kumi na mmoja. Mtu anayefanya yote yaliyoandikwa hapa hapati ukungu kama wa huyu. Nilichokitoa mara ya pili kilikuwa kama mkate uliosahauliwa kabatini."

"Maagizo hayafuatwi, basi."

"Yanafuatwa!" mkwe alipaza sauti. "Nayafuata mimi kwa mikono yangu. Nikikosea kipimo nalala? Muulize Sista nani anampigia simu mpaka Jumapili."

"Kweli, huyu ananisumbua kuliko wagonjwa wenyewe," alisema Sista. Akamgeukia mzee. "Haya, mzee wangu. Dakika tano tu, kesho ukaongee."

Mzee alitikisa kichwa. Alinyoosha vidole viwili.

"Keshokutwa?" Sista alishangaa. "Keshokutwa ya nini? Kesi ni kesho!"

Vidole vilibaki pale pale. Chungio alivitazama. Mtu huyu, aliyefungwa kinywa na ugonjwa, alikuwa akikataa kufunguliwa, na alikuwa amehesabu siku sawasawa. Mkaguzi aliomba kuonyeshwa bafu.

Lilikuwa chumba cha kunyoosha mikono ukagusa kuta zote mbili. Chungio alijifungia ndani, maana alitaka kuona anachokiona mzee. Hakukuwa na dirisha, kulikuwa na tundu la hewa lililozibwa na wavu. Kioo kilitundikwa usawa wa shingo. Tochi ndogo ilining'inia kwenye kamba. Kwenye glasi ilisimama brashi nyembamba kama njiti, na nyuma yake, kwenye kopo, zilihifadhiwa mbili za zamani, kana kwamba mtu alitaka kuthibitisha kitu.

Aliichukua ya kwanza akaigeuza chini ya tochi. Nywele zake zilikuwa zimelala, lakini zote upande mmoja. Upande wa pili zilikuwa wima kama zilivyotoka dukani. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Akapitisha kidole ukingoni mwa sinki. Karibu na bomba kulikuwa na alama ya kung'aa, nyembamba, palipolika kwa kusuguliwa.

Kikombe cha kulowekea meno kilikuwa juu ya rafu. Ndani yake palikuwa pakavu, na sisimizi mmoja alikuwa amefia humo siku nyingi zilizopita.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Chungio aliinama huku akimlaani aliyetunga methali hiyo bila kuwauliza wenye magoti. Chini ya sinki bomba lilijikunja. Alishika kiungo, akakizungusha kwa nguvu, akakinga kopo. Yalitoka maji, nywele chache, na tope zito la rangi ya njano. Alilinusa. Lilikuwa na utamu uleule wa chupa ya mezani.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, goti likimpwita. Hapakuwa na mtu aliyemziba mzee mdomo. Mara mbili kwa siku mzee alikuja kwenye shimo hili, akafungulia bomba ili asikike, akaitema dawa, akasugua brashi kwenye sinki, akarudi sebuleni kukisubiri kidude chake kiote ukungu. Usiku alilala na meno mdomoni, fangasi wapate pa kuzaliana. Alikuwa akijijengea ukuta kooni, na alijua tarehe za kuumaliza.

Swali likabaki moja, na nusu ya jibu ilikuwa kwenye mkoba wake tangu asubuhi.

Aliporudi sebuleni aliweka brashi mezani, mbele ya wote watatu. "Sista, toa mpya. Nionyeshe inavyotumika."

Muuguzi alishika kidude cha kufundishia kwa vidole viwili, brashi mpya kwa mkono wa pili. "Unaingiza. Unazungusha. Unatoa, unasuuza, unarudia."

"Ikichakaa?"

"Inachakaa pande zote, kama ya kuoshea chupa."

"Na hii?"

Sista aliigeuza brashi ya mzee, mara moja, mara mbili. Alielewa, na uso wake ukabadilika. "Hii haijawahi kuingia shingoni mwa mtu," alisema polepole.

Chungio aliliweka kopo la tope la njano kando yake. Hapakuwa na haja ya maelezo. Mkwe alilitazama, akamtazama mzee, na hasira ikampanda.

"Baba? Dawa ninayokupimia mimi? Maji ninayochemsha kabla ya jogoo? Umenifanya mtoto mdogo mwaka mzima, nasimama nje ya mlango nasikiliza bomba nasema afadhali leo, afadhali leo!"

Mzee hakumtazama. Alishika nondo ya dirisha.

"Kwa nini, baba?"

"Ngoja, mama," Chungio alisema. "Nawe nina swali lako." Akatoa karatasi mkobani. "Hii ni nakala ya daftari la wageni la mahabusu. Kila Jumapili kuna mwanamke anampelekea Nyapara chakula. Tangu moto ule hajakosa hata moja. Kwenye uhusiano ameandika dada. Nyapara hana dada."

Mkwe alikaa chini, si kwenye kiti, sakafuni.

"Mkuu wangu anasema umenunuliwa ili Nyapara afungwe. Mtu hampikii anayemfunga. Kwa hiyo nikajiuliza unamlipa Nyapara deni gani lisilosemeka. Halafu nikaona baba yako anavyoharibu koo lake mwenyewe, na nikajiuliza anamfichia nani. Si mwenye kiwanda. Huyo hajawahi hata kumtumia pole." Alivuta kiti karibu naye. "Sufuria haiunguzi viganja viwili sawasawa hivyo. Chuma cha mlangoni kinaunguza."

Chumba kilikuwa na joto, na hakuna aliyefikiria kufungua dirisha, maana lilifunguka inchi tatu tu. Mkwe aliviweka viganja vyake mapajani, wazi.

"Nilifunga mimi," alisema.

Mzee alipiga mkono wa kiti kwa kiganja, paa! Akatikisa kichwa kwa nguvu, akapiga tena.

"Niache, baba. Nimechoka." Mkwe alivitazama viganja vyake. "Nilikuwa natoa mabaki. Upepo ulikuwa unarudisha vipande ndani, wenzangu wakalalamika. Nikavuta mlango, nikasukuma komeo, nikijua nakwenda na kurudi. Nilimwaga, nikanawa mikono bombani nyuma ya tangi. Sikukaa. Wallahi sikukaa. Nilipogeuka moshi ulikuwa umeshatoka juu ya mlango. Nililishika komeo, afande. Nililishika mpaka ngozi ikabaki pale. Lilikataa."

"Na ukanyamaza."

"Nilijua baba ameniona. Nikasema, atasema yeye. Kila kesi ikikaribia najiambia, kesho atasema, litakwisha, Nyapara atoke, mimi niingie nilale. Mdomo wangu ulinikatalia. Nikautaka wake ufanye kazi. Ndiyo maana nilikuwa nachemsha maji. Ndiyo maana nampigia Sista simu." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Kumbe mwenzangu anatema."

Sista alijifuta macho kwa mkono wa koti. Chungio naye aliumia, na hakujificha. Alikuwa amewakamata watu wengi, lakini hakuwahi kukuta wawili waliofungiana mlango mmoja, kila mmoja akiusukuma upande wake.

"Mzee wangu," alisema, "ameshasema mwenyewe. Huna tena wa kumficha. Lakini kesho mwendesha mashtaka atasema huyu anamwonea Nyapara huruma, anajitwisha kosa. Anahitajika mtu aliyeona. Usiposema, Nyapara anafungwa, na huyu atakwenda kumpikia mpaka afe."

Mzee alivuta pumzi ndefu shingoni. Kisha aliachia nondo. Alifungua kifungo cha kola, akaondoa kitambaa, akanyoosha kidole kwenye sanduku la Sista.

Haikuchukua hata dakika tano. Sista alivaa glavu, akamwashia tochi, akaingiza koleo nyembamba, akavuta. Mzee alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Kidude cha zamani kililala kwenye shashi, kimevaa utando mweupe wenye madoa ya manjano. Kipya kiliingia, kikazungushwa, kikakaa. Sista alimpa maji anywe, akachungulia tunduni.

"Pakavu. Hakivuji. Haya, hesabu moja mpaka tano."

Chungio aliweka simu mezani na kuwasha kinasa sauti. Akataja tarehe na saa, akawataja waliokuwepo. "Mzee Bawabu, siku ya moto, ni nani aliyekomea mlango wa uani?"

Mzee hakuhesabu, wala hakumtazama mkaguzi. Alimgeukia mkwe wake pale sakafuni, akaweka kidole gumba shingoni. Mwanzoni ulitoka mluzi tu. Akajaribu tena.

"Nilikuita," alisema.

Mkwe aliinua uso.

"Nilikuona unasukuma komeo. Huyu hapa, afande, mke wa mwanangu. Nimemwona." Aliondoa kidole, akavuta pumzi, akakirudisha. "Na moshi niliuona kabla yake. Alikuwa bado bombani. Nikaziba hapa, nikaita: fungua! Mara tatu."

"Sikusikia kitu, baba."

"Hakikutoka kitu. Kidude kilikuwa kimejaa. Kliniki nilikuwa nimeikwepa wiki mbili, kusafisha naona uvivu, nasema kitakaa tu." Akavuta pumzi nyingine, ndefu. "Nikakimbia. Moshi ukaniingia humu shingoni kabla sijafika. Nikaanguka."

Mkwe alijivuta kwa magoti mpaka kwenye kiti chake, akamshika mguu. Mzee alimwekea mkono wa kushoto kichwani. Wa kulia ulibaki shingoni, kidole kikibonyeza.

"Ningesafisha asubuhi ile, mwanangu, ungesikia."

Nje, askari aligonga, akauliza kama afungue makufuli.